Sarafu za kale za fedha nchini Marekani: Namna mwenye kipato kidogo anavyoweza kujenga mkusanyo

Sarafu ndogo ya senti kumi ya Marekani, iitwayo daimu, ilitengenezwa kwa madini ya fedha hadi zile zenye tarehe ya mwaka 1964. Leo imetoweka katika mzunguko wa kawaida, lakini bado inapatikana kwa wingi kwa wafanyabiashara wa sarafu na minadani, na mara nyingi bei yake haizidi sana thamani ya madini yaliyomo. Kwa sababu hiyo inapendwa na wakusanyaji wasio na uwezo mkubwa. Hata hivyo, wengi wao huanza kwa pupa, wakanunua ovyo, na baada ya miaka kadhaa hugundua kwamba fedha zao hazikuliwa na sarafu adimu, bali na sarafu za kawaida walizozinunua mara mbili au tatu kila moja.

Namna ya kujenga mkusanyo huo, na kuuboresha hatua kwa hatua bila kufilisika, ni somo linalohitaji hesabu na subira kuliko mfuko mnene.

Kwa nini fedha iliondolewa?

Tangu mwaka 1873, daimu ilikuwa na uzito wa gramu 2.5, ambapo asilimia 90 ilikuwa fedha na asilimia 10 shaba. Mpangilio huo ulidumu kwa zaidi ya miaka 90. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bei ya fedha duniani ilianza kupanda, na wananchi wakaanza kuzificha sarafu majumbani. Hesabu ilikuwa rahisi: endapo bei ya wakia moja ya fedha ingepita dola 1.38, madini yaliyomo ndani ya daimu yangekuwa na thamani kubwa kuliko senti kumi zilizoandikwa juu yake.

Tarehe 23 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoondoa fedha katika sarafu za senti kumi na senti 25. Daimu mpya ilikuwa na kiini cha shaba kilichofunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Uzito wake ni kama gramu 2.27, na ukitazamwa ukingo wake, mstari wa shaba unaonekana wazi. Ukingo wa daimu ya fedha ni mweupe mtupu. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha kwanza ambacho hata mtoto anaweza kukitumia.

Familia nne za daimu

Wakusanyaji huzigawa daimu za fedha za tangu mwaka 1837 katika familia, kwa kufuata picha iliyo usoni. Ya kwanza kati ya hizi ni ile yenye mwanamke aliyeketi, mfano wa Uhuru, iliyopigwa kuanzia mwaka 1837 hadi 1891. Ya pili ni ile iliyochorwa na Charles Barber, iliyodumu kuanzia mwaka 1892 hadi 1916. Humo ndimo ilimo sarafu ya San Francisco ya mwaka 1894, ambayo zilipigwa 24 tu na ambayo imewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Mkusanyaji wa kawaida huisoma habari yake na kupita.

Familia ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote. Ilichorwa na Adolph Weinman na kuanza kutumika mwishoni mwa Oktoba 1916. Usoni ina kichwa cha Uhuru aliyevaa kofia yenye mabawa, ishara ya uhuru wa fikra. Watu walimdhania kuwa ni Mercury, mungu wa Warumi wa kale, na jina hilo likaganda hadi leo. Mgongoni kuna mafungu ya fimbo zilizofungwa kwa kamba pamoja na shoka, na tawi la mzeituni. Ilipigwa hadi mwaka 1945.

Ya nne ina sura ya Rais Franklin Roosevelt, aliyefariki Aprili 1945. Roosevelt alikuwa ameugua ugonjwa uliompooza miguu, na tangu mwaka 1938 wananchi walikuwa wakituma daimu zao Ikulu kuchangia mapambano dhidi ya polio. Kwa hiyo ilionekana inafaa sura yake iwekwe kwenye sarafu hiyo hiyo. Ilitolewa tarehe 30 Januari 1946, siku ambayo angetimiza miaka 64. Daimu za fedha za Roosevelt ni za miaka 1946 hadi 1964.

Madini kama sakafu ya bei

Daimu moja ina gramu 2.25 za fedha safi, na wakia ya sonara ni gramu 31.1. Ili kupata thamani ya madini, bei ya wakia moja huzidishwa kwa 0.0723. Ikiwa wakia inauzwa dola 30, daimu moja ina fedha ya takriban dola 2.17. Ikiwa wakia imefika dola 60, thamani hiyo inakuwa takriban dola 4.34. Sarafu iliyochakaa sana hupungua uzito kidogo, kwa hiyo wafanyabiashara nao hupunguza hesabu kidogo.

Sakafu hii ina faida na hatari. Faida ni kwamba anayenunua sarafu ya kawaida kwa bei iliyo karibu na madini hawezi kupoteza kila kitu, hata akijua baadaye kwamba haihitaji. Hatari ni kwamba sakafu yenyewe hupanda na kushuka. Mwezi Januari 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50 kwa wakia, kisha ikaporomoka katika muda mfupi. Walionunua kwa kufuata kelele za soko waliumia.

Kupanda kwa bei kuna athari nyingine ambayo mkusanyaji makini huitumia. Fedha inapokuwa ghali, sarafu iliyochakaa hupanda pamoja na madini yake, lakini sarafu nzuri ya mwaka huo huo haipandi kwa kiasi kilekile. Pengo kati yao hupungua. Huo ndio wakati wa kununua iliyo nzuri, kwa kuwa nyongeza inayolipwa kwa ajili ya uzuri huwa ndogo.

Idadi iliyopigwa si idadi iliyobaki

Sarafu za Marekani hubeba alama ya kiwanda zilikopigwa: D ni Denver, S ni San Francisco, na za Philadelphia za wakati huo hazikuwa na alama. Katika daimu ya Mercury alama hiyo iko mgongoni, kando ya tako la mafungu ya fimbo. Katika daimu za fedha za Roosevelt iko mgongoni pia, kushoto mwa tako la mwenge. Herufi hiyo ndogo inaweza kubadili bei mara mia moja au zaidi.

Mfano maarufu ni mwaka 1916. Philadelphia ilipiga daimu za Mercury zaidi ya milioni 22, San Francisco zaidi ya milioni 10, lakini Denver ilipiga 264,000 tu. Hata ikiwa imechakaa hadi sura inakaribia kufutika, daimu hiyo ya Denver huuzwa kwa mamia ya dola. Zile za mwaka 1921 kutoka Philadelphia na Denver, zilizopigwa wakati uchumi ulipodorora, ni takriban milioni moja kwa kila kiwanda, nazo ni ghali kiasi. Kwa upande mwingine, mwaka 1944 Philadelphia peke yake ilipiga zaidi ya milioni 231. Sarafu hiyo haina sababu ya kununuliwa ikiwa na kasoro.

Hata hivyo, takwimu za viwandani hazielezi kila kitu. Mamilioni ya daimu yaliyeyushwa, hasa wakati bei ya madini ilipopaa mwaka 1980, na hakuna aliyehesabu tarehe zake. Jambo lingine ni hali ya sarafu. Za miaka ya 1920 zilizunguka mikononi kwa miongo kadhaa, hivyo iliyochakaa ya mwaka fulani inaweza kuwa ya kawaida huku isiyotumika ya mwaka huo huo ikiwa adimu. Kwa hiyo swali la kuuliza si tu sarafu ngapi zilipigwa, bali ngapi zimebaki katika hali inayotafutwa.

Kusoma daraja

Hali ya sarafu hupimwa kwa ngazi ya kuanzia 1 hadi 70. Iliyosagika lakini tarehe yake inasomeka iko chini ya 10. Iliyotumika kwa wastani iko kati ya 12 na 35. Iliyoguswa kidogo tu iko kati ya 40 na 58, na kuanzia 60 ni zile zisizowahi kutumika. Ngazi hiyo inatokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon, aliyeitunga mwaka 1949 kwa ajili ya sarafu za shaba.

Kwenye daimu ya Mercury, mahali pa kutazama ni kamba zinazofunga fimbo. Matumizi huzisaga kamba hizo mapema, hasa zile za katikati. Zikionekana zimetengana, mstari baada ya mstari, sarafu imetumika kidogo sana. Zikiwa zimeungana na kuwa bapa, imezunguka sana, ama ilipigwa kwa nguvu hafifu kiwandani. Sarafu isiyotumika ambayo kamba zake za katikati zimetengana kikamilifu huongezewa bei, na katika baadhi ya tarehe, kama ile ya Philadelphia ya mwaka 1945, ongezeko hilo ni kubwa mno. Mkusanyaji wa kipato cha chini hana sababu ya kuifukuzia sifa hiyo. Anatosheka na sarafu safi, yenye mng'ao wa asili na isiyo na mikwaruzo.

Kuanza na seti inayokamilika

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na seti isiyowezekana. Seti ya Mercury ina sarafu 77, bila kuhesabu zile mbili za mwaka 1942 ambazo tarakimu ya mwisho inaonyesha 2 juu ya 1. Anayeanza na orodha hiyo hukutana mapema na daimu ya Denver ya 1916, akakata tamaa au akakopa.

Njia yenye busara ni kupanda kwa vituo. Kituo cha kwanza ni Roosevelt za fedha, ambazo ni sarafu 48. Miongoni mwake hakuna iliyo ghali kupindukia. Ile ya San Francisco ya mwaka 1949 huhitaji nyongeza kidogo, na zilizobaki nyingi hupatikana karibu na bei ya madini. Kituo cha pili ni seti fupi ya Mercury, ya mwaka 1941 hadi 1945 kutoka viwanda vyote vitatu, yaani sarafu 15. Hizo zilipigwa kwa mamilioni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hata zisizotumika bei yake inavumilika. Ni baada ya hapo tu ndipo mkusanyaji anapoanza kurudi nyuma kuelekea miaka ya 1930 na 1920.

Kila kituo ni kazi iliyokamilika. Akisimama hapo kwa sababu ya ada za shule au ugonjwa nyumbani, ana kitu kizima mkononi, si nusu ya ndoto.

Hesabu ya kupandisha daraja

Kupandisha daraja ni kuondoa sarafu iliyochakaa na kuweka iliyo bora mahali pake. Ni furaha kubwa ya ukusanyaji, na ndipo fedha nyingi zinapovuja. Sababu ni kwamba mfanyabiashara hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Kila mabadilishano humwachia mkusanyaji hasara ndogo.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Mtu ananunua daimu iliyochakaa kwa dola 3, kisha anaiuza kwa dola 2 ili kununua ya wastani kwa dola 6. Mwaka unaofuata anaiuza ya wastani kwa dola 4 na kununua iliyo nzuri kwa dola 12. Jumla ametoa dola 21 na kurudishiwa dola 6. Sarafu ya dola 12 imemgharimu dola 15. Dola tatu zinaonekana si kitu, lakini katika seti ya sarafu 48 zinakuwa dola 144, sawa na bei ya sarafu nyingine 12 zilizo nzuri.

Kutokana na hesabu hiyo zinapatikana kanuni kadhaa. Ya kwanza ni kuamua mapema daraja linalotakiwa kwa seti nzima, na kununua sarafu za kawaida moja kwa moja katika daraja hilo. Tundu tupu kwenye albamu halimgharimu mtu senti hata moja, lakini sarafu iliyowekwa kwa muda humgharimu mara mbili.

Kanuni ya pili ni kuruka ngazi kadhaa kwa mara moja. Kutoka sarafu ya wastani kwenda iliyo nzuri kidogo ni tofauti ambayo jicho halitaiona baada ya mwezi. Kutoka iliyosagika kwenda isiyotumika ni tofauti inayobadilisha ukurasa mzima.

Kanuni ya tatu ni kupandisha pale ambapo ngazi ni nafuu. Katika tarehe za kawaida, pengo la bei kati ya iliyotumika na isiyotumika ni dogo. Katika tarehe adimu, kila ngazi ni gharama ya mwezi mzima wa mshahara. Kwa hiyo mkusanyo wa mwenye kipato kidogo una umbo lake: sarafu za kawaida ziwe nzuri sana, na zile adimu zikubaliwe zikiwa zimechakaa kwa uaminifu, yaani bila kutobolewa, kukwaruzwa wala kusuguliwa.

Kanuni ya nne ni kubadilishana badala ya kuuza. Katika vyama vya wakusanyaji, wanachama hupelekeana sarafu walizo nazo mara mbili. Hapo hakuna mfanyabiashara kati yao, na hasara ya kununua na kuuza hupungua. Sarafu iliyotolewa kwenye seti huweza kulipia sehemu ya ile inayoingia.

Wapo pia wanaozitafuta katika vifurushi vya benki, ambavyo huwa na daimu 50 kwa dola tano. Nyingi ni za kisasa, lakini mara moja moja hutokea ya fedha iliyopita bila kuonwa. Njia hiyo huhitaji muda mwingi, lakini sarafu isiyohitajika hurudishwa benki kwa senti kumi zilezile. Pia ni sababu njema ya kupandisha daraja, maana sarafu iliyopatikana kwa senti kumi haimtii mtu hasara inapoondolewa.

Bandia, hila na sarafu zilizosafishwa

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Daimu ya Denver ya 1916 inayouzwa kwa nusu ya bei ni ya kutiliwa shaka kabla ya kutazamwa. Hila kongwe ni kubandika herufi D kwenye daimu ya Philadelphia ya mwaka huo, ambayo ni ya kawaida. Sarafu yenyewe ni halali, uzito na madini ni sahihi, na ni alama tu iliyo ya uongo. Wataalamu huitambua kwa umbo la herufi na mahali ilipo, kwa kuwa kiwanda cha Denver kilitumia mihuri minne tu ya mgongo kwa daimu hiyo na kila mmoja unajulikana.

Asiye mtaalamu anashauriwa kununua sarafu adimu iliyokwisha kuthibitishwa na kampuni huru za ukaguzi, kama PCGS au NGC, na kufungiwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba. Namba hiyo nayo lazima ihakikiwe kwenye tovuti ya kampuni husika, kwa kuwa hata makasha hughushiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka sarafu za kuigiza ziwekewe alama inayoonyesha kwamba ni nakala, lakini mwenye nia mbaya haifuati. Kwa daimu za kawaida, mizani ndogo ya vito na kioo cha kukuzia vinatosha.

Hila nyingine ni mifuko ya sarafu inayotangazwa kwamba haijachambuliwa. Mara nyingi imekwisha kuchambuliwa, na kilichobaki ni madini tu. Anayeinunua ailipe bei ya madini, si bei ya matumaini.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni usafishaji. Fedha hufubaa na kuwa na weusi kadiri miaka inavyopita, na mwenye sarafu hushawishika kuisugua kwa dawa au majivu. Msuguo huondoa tabaka jembamba la juu pamoja na mng'ao wa asili, na kuacha mikwaruzo myembamba inayoonekana chini ya taa. Hakuna dawa ya kuurudisha. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kama sufuria, na muuzaji mzoefu huipunguzia bei papo hapo.

Kuhifadhi

Sarafu hushikwa kwa ukingo, kamwe si kwa kugusa uso wake. Mifuko laini ya plastiki yenye PVC huyeyusha kemikali inayoacha utando wa kijani juu ya fedha. Mipira ya kufungia na baadhi ya karatasi hutoa salfa inayoharakisha weusi. Kadi za mraba zenye dirisha la plastiki ngumu, au albamu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, hazina gharama kubwa na hulinda miaka mingi. Mahali pakavu ni bora kuliko kabati la bei ghali lililo kwenye unyevunyevu.

Somo kwa Afrika Mashariki

Mambo haya hayaishii Marekani. Shilingi za Afrika Mashariki zilizopigwa kuanzia mwaka 1921 hadi 1946, zenye simba mbele ya milima, zilikuwa na asilimia 25 ya fedha. Zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar. Za mwaka 1948 na baada yake ni za shaba na nikeli. Nazo hubeba alama za viwanda: H kwa Birmingham, I kwa Bombay na SA kwa Pretoria. Bado zimo katika masanduku ya mabibi, na mara nyingi huishia kwa sonara bila mtu kutazama tarehe wala herufi.

Kwa hizo pia, kanuni ni zilezile: kujua uzito na madini, kusoma alama, kutosugua, na kutolipa mara mbili kwa kitu kimoja. Aliyeziacha sarafu zikiwa na weusi wake ameziachia familia chaguo. Aliyezisugua au kuziyeyusha ameshachagua kwa niaba ya wote.